Mashine Iliyoacha Tusbahi

Hakuna mashine iliyowahi kuguswa na mkono wangu ikabaki na ugonjwa. Hilo nilimwambia Sajini Ugas tukikatiza soko la mbuzi, na nililisema kwa sauti ili mbuzi nao wapate habari. Redio za watu, saa za watu, jenereta ya mzee Nunow iliyokuwa inakohoa kama mvuta sigara, zote ziliniona zikapona. Sembuse kompyuta?

"Maji ya kunywa," nilimalizia.

Sajini alizidi kutembea. Alikuwa ameshastaafu upolisi, lakini viatu vyake havikuwa na habari hiyo. Viling'aa vumbini kama vya gwaride. Watu wa Garissa walimwita kila palipokuwa na jambo ambalo hawakutaka lifike kituoni. Ngamia wa Kotile walipopotea, yeye alinusa kamba tu akataja jina la mwizi. Mimi nilikuwepo. Kamba ile niliinusa pia, nikapata chafya.

Mimi ni Mustaf, msaidizi wake. Kidato cha nne nilikimaliza, na Kiingereza changu hakina b mahali pa p kama cha jirani zangu, kwa kuwa mwalimu wetu aliitoa b hiyo kwa kiboko.

Siku hiyo tuliitwa Bulla Iftin, nyumbani kwa Mama Maka. Mlangoni kulikuwa na sanduku la bati limefungwa kamba. Sajini alilitazama, akalisukuma kidogo kwa ncha ya kiatu. Lilikuwa zito.

"Nani anasafiri?" aliuliza.

"Mke wa mwanangu," alisema Mama Maka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ngamia ng'ambo ya mto. "Basi la Habaswein linaondoka baada ya Asri. Anarudi kwao. Karibu, Adeer Ugas, ami wa wote. Sikukuita uchunguze, mhalifu ninaye. Nimekuita uwe shahidi, wazee wa kwao wasije wakasema nilimwonea binti yao."

"Basi nipe chai," Sajini alisema, "nishuhudie vizuri."

Mambo yalikuwa hivi. Abdijabar, mwana wa Mama Maka, alifanya kazi na shirika moja la misaada kwenye kambi za Dadaab. Nyumbani aliweka kompyuta, na kando yake kisanduku kinachoitwa modemu. Modemu ndiyo iliyopiga simu Nairobi kupitia laini ya nyumba na kurudi na barua. Mwaka huo wa tisini na nane nyumba zenye kitu kama hicho mjini petu ungezihesabu ukiwa na mkono mmoja mfukoni. Sasa Abdijabar alikuwa ametumwa Lafey, na huku ilikuwa inangojwa barua ya kazi kutoka Jeneva. Ofisini kwao walikuwa wamesikia kwa redio kwamba barua imeshatumwa kwenye mashine ile, na kwamba jibu lake lisipofika siku hiyo kabla ya ofisi za Jeneva kufungwa, nafasi atapewa mwingine.

Na mashine ilikuwa imekufa tangu Jumatatu.

"Imekufa kwa mkono wa huyu," Mama Maka alimwonyesha kidole msichana aliyesimama karibu na pazia. "Alisema kwenye harusi ya Kaaha, mbele ya watu: 'Hiyo barua ya Jeneva na ipotee njiani.' Jumatatu akaizima mashine, akaiwasha, ikapotea!"

Ilhan alivuta mtandio wake. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetemeka.

"Nilisema, Adeer. Nani anataka mumewe aende kukaa kwenye theluji? Ulimi wangu ulisema. Mkono wangu haukufanya."

"Lakini ulizima," alisema Sajini.

"Nilizima. Ilikuwa imeganda, herufi haziendi mbele wala nyuma. Abdijabar alinifundisha mwenyewe: ikiganda, zima kompyuta, zima na modemu, usiharakishe kuwasha. Soma Alhamdu mpaka mwisho, ndiyo uwashe."

"Alhamdu?"

"Kila kitu kinahitaji kupumua kidogo, alisema. Nikisoma bila haraka, pumzi inatosha."

Sajini alitikisa kichwa kwa namna ambayo mimi nimeipata mara chache sana. "Mafundi wangapi wana subira hiyo! Haya. Tuone maiti."

Nilitangulia. Nilipita sebuleni, nikakata kulia, nikasukuma mlango wa chumba cha nyuma, na hiyo hapo kompyuta, imefunikwa kitambaa cha maua kama bi harusi.

"Umejuaje chumba?" Sajini aliuliza nyuma yangu.

"Nimefuata waya wa simu, Sajini."

Aliinua macho. Waya wa simu ulipita juu ya paa, kwa nje. "Kumbe," alisema.

Halafu akaanza. Wallahi, nimeona watu wakihojiwa na Sajini Ugas, lakini sikuwahi kuona kisanduku kikihojiwa. Hakukigusa kwanza. Alichuchumaa akakitazama kama anayepima kama kitakimbia. Taa ya umeme, inawaka? Inawaka. Basi umeme si mshukiwa. Waya kutoka modemu kwenda kwenye kompyuta, umelegea? Alizikaza skrubu zake kwa ukucha. Haukulegea. Waya wa simu? Aliufuata kwa vidole kutoka ukutani, sentimita kwa sentimita, mpaka dirishani, akatoka nje akaufuata tena. Huko alikuta mbuzi mweupe amesimama chini ya waya akitafuna kitu.

"Sajini!" niliita. "Mhalifu huyo! Ana miguu minne na ndevu."

Alimfungua mbuzi mdomo. Kilikuwa kipande cha boksi. Waya ulikuwa mzima, na vumbi juu yake halikuguswa na ulimi wa mtu wala mnyama.

"Mbuzi aachiliwe," alisema. "Mama Maka, simu nyingine ipo?"

Ipo, sebuleni, ile nyeusi ya kuzungusha kwa kidole. Sajini aliinua mkono wa simu, akausikiliza, akanipa. Ule mlio wa laini ulikuwepo, mnene, wa kudumu, kama nyuki ndani ya mtungi. Laini hai.

"Umeme mzima, waya mzima, laini nzima," alisema. "Ilhan, iambie ipige."

Ilhan alibonyeza. Modemu ikatoa sauti: ti-ta-to-ti-ti-ta, wimbo mfupi mtamu. Halafu kimya. Halafu kompyuta ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna anayejibu.

"Ndivyo inavyofanya tangu Jumatatu," alisema Ilhan.

"Mumeo alikuachia agizo gani jingine? Lolote. Hata la kijinga."

Alifikiri. "Alisema, maadamu iko kwa balsi, itaongea na Nairobi. Alilisema neno hilo mara nyingi. Balsi, balsi."

Nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka mpaka nikashika meza. "Balbu, abaayo, dada yangu! Alitaka kusema balbu!" Nikaonyesha modemu. "Tazama hizi taa ndogo. Hii imezimika. Balbu imeungua, kesi imekwisha."

Mama Maka alipiga makofi. "Ameiunguza!"

Sajini aliitazama ile taa iliyozimika, akanitazama mimi. "Taa hii ni ya nini?"

"Ya... balbu."

"Imeandikwa chini yake. Soma."

Nilisoma. Ilikuwa ni taa ya kuonyesha kwamba mazungumzo yameungana. Haikuwaka kwa sababu hayakuungana. Nilirudisha kicheko changu mahali pake.

"Nyumba hii ina nani mwingine?" Sajini alimgeukia Mama Maka.

"Hakuna. Mimi, huyu, na mama mkwe wangu. Lakini bibi huyo, Ayeeyo wetu, haoni, Adeer. Utamuuliza nini juu ya kompyuta?"

"Yuko wapi?"

Alikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yake na mashine. Bibi Shurie, Ayeeyo wa nyumba nzima, alikaa juu ya mkeka na tusbahi ya shanga nyeusi mkononi, macho meupe kama maziwa, uso umeelekea mlangoni kabla hatujabisha.

"Wawili," alisema. "Mmoja ana viatu vya serikali. Mwingine anaburuza ndala."

Niliinua miguu yangu.

"Assalamu aleikum, Ayeeyo. Ni Ugas. Nimekuja kuuliza habari za ile mashine."

"Waaleikum salaam. Tangu Jumatatu mnapiga kelele humu, wewe wa kwanza kuniuliza mimi." Alisogeza mkeka kidogo. "Iliacha tusbahi."

"Vipi?"

"Zamani ikitaka kusema na Nairobi, ilianza kwa kuhesabu tusbahi. Tik tik tik tik, inapumzika, tik tik, inapumzika. Hivi." Shanga zililia vidoleni mwake. "Kisha inalia kama ndama wa ngamia aliyenyimwa ziwa, halafu barua zinakuja. Sasa tusbahi imeacha. Inaimba! Ti-ta-to, kama kina dada wa harusini. Nikasema, haya, imekuwa ya kidunia."

Sajini alikuwa amekaa chini kabisa, miguu imekunjwa, kama mtoto chuoni. "Ilianza kuimba lini?"

"Jumatatu, Ilhan alipoilaza na kuiamsha."

"Mnasikia?" Mama Maka alisema mlangoni. "Mnasikia?"

Ilhan aliegemea ukuta. Nje, upande wa stendi, basi lilipiga honi ya kwanza, ile ya kuita wenye mizigo.

"Lakini mimi sikushangaa," Ayeeyo aliendelea. "Injinia alikuwa amekuja Jumapili. Nikadhani ameifundisha."

Sajini alimsogelea.

"Injinia gani?" aliuliza Sajini.

"Kijana aliyetumwa na Abdijabar. Hawa walikuwa wamekwenda kwenye matanga, mimi peke yangu niko nyumbani. Akasema yeye ni injinia, amekuja kuiongeza mwendo. Nikampa chai. Hakuimaliza, akaondoka."

"Hakuna injinia aliyetumwa, Adeer," Mama Maka alisema kwa upole wa ghafla. "Mama anaota mchana siku hizi. Na barua za Jumapili usiku zilikuja kama kawaida."

Nilimgusa Sajini begani, nikamfanyia ishara ya kidole kichwani: bibi ameshazeeka. Aliuondoa mkono wangu taratibu.

"Sauti yake ukiisikia utaijua?"

"Sauti za vijana zote moja, zimejaa hewa. Lakini alikuwa na neno lake, analirudia kila akibonyeza. Limenitoka." Alizungusha shanga. "Nikilisikia litarudi."

Sajini aliinuka. Sebuleni alisimama mbele ya ile simu nyeusi, akaingiza kidole kwenye tundu, akazungusha, akaachia. Gurudumu lilirudi: tik tik tik tik.

"Hiyo!" Ayeeyo aliita kutoka chumbani. "Tusbahi ndiyo hiyo!"

Nimemwona Sajini akikamata wezi wa magari, lakini hakuwahi kutabasamu vile. Alimwita Ilhan aiambie mashine ipige tena, na yeye akaweka mkono wa simu sikioni. Mashine iliimba wimbo wake wote. Alinipa mkono wa simu, akamwambia Ilhan arudie. Nikasikia: juu kuna ti-ta-to, na chini yake ule mlio wa nyuki unaendelea, haukukatika hata kidogo.

"Umesikia?" aliuliza. "Mashine inaimba, mtambo wa simu hapa mjini haujui kama unaitwa. Mtambo wetu ni wa zamani, unaelewa kuhesabiwa tu, tik tik. Ukiuimbia, unakaa vilevile." Akazungusha gurudumu mara moja, na nyuki wakanyamaza papo hapo. "Umeona? Tusbahi unaijua. Sasa, Mustaf, wewe msomi. Wewe ulitolewa b kwa kiboko. Chukua lile neno la Abdijabar, toa b, weka p."

"Palsi," nilisema. Nilikung'uta ndala zangu. Vumbi la Garissa.

"Na kwa Kiingereza?"

"Pulse, Sajini. Kudunda. Kama... kama mshipa."

"Haikuwa balbu."

"Haikuwa."

Tulirudi kwenye kompyuta. Alimwambia Ilhan afungue mahali pa maagizo ya kupiga simu, na pale kwenye kioo kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, Tone na Pulse, kila moja na kiduara chake. Nukta nyeusi ilikaa kwenye Tone.

"Hii nukta uliwahi kuigusa?"

"Hata sikujua ipo, Adeer."

"Ihamishe."

Aliihamisha. Mama Maka alisogea, akasimama nyuma yetu na pumzi zake zote. Ilhan alibonyeza. Sote tukangoja tusbahi.

Ti-ta-to-ti-ti-ta.

"Inaimba!" Mama Maka alisema. "Nilikwambia! Imeharibiwa kabisa. Ilhan, vaa viatu."

Honi ya pili ililia. Ilhan alisimama. Alianza kufunga mtandio kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayefunga jeraha.

"Keti, binti yangu," Sajini alisema. Sauti haikupanda wala haikushuka. "Hiyo ndiyo niliyoitaka. Mama Maka, umeona? Tumebadilisha agizo, na mashine bado inafuata la zamani. Kwa sababu iko macho. Hii husoma maagizo ikiamka tu. Ilhan, ilaze yote. Alhamdu, mpaka mwisho, bila haraka."

Ilhan alizima. Taa zote zikafa. Akasoma, na Sajini akafuata kwa midomo, na mle ndani hakuna aliyethubutu kukohoa. Alipomaliza, chumba cha pili kilijibu "Amin," naye akawasha.

Taa moja, nyingine, nyingine. Akabonyeza.

Tik tik tik tik. Ikapumzika. Tik tik.

"Subhanallah," alisema Ayeeyo ng'ambo ya ukuta. "Imetubu."

Kisha ndama wa ngamia akalia, kwa nguvu, kwa uchungu, na ile taa niliyoiita balbu ikawaka nyekundu.

Sajini aliongea huku barua zinaingia, na maneno yake yalikuwa machache kama kawaida. "Mtu aliihamisha nukta mashine ikiwa macho. Ikaendelea na tusbahi yake hadi usiku, barua zikaja, hakuna aliyejua. Siku ya pili Ilhan akaizima na kuiwasha, ndipo ikaamka na agizo jipya. Aliyeizima hakuiua, Mama Maka. Aliifichua. Basi mwenye kosa alikuja kabla yake. Alikuja Jumapili, akanywa chai."

Mama Maka aligeuka. Akaelekea mlangoni, na tukasikia sanduku la bati likiburutwa, si kwenda nje. Likirudi ndani.

Barua ya Jeneva ilikuwa ya tatu. Ilhan aliisoma kwa sauti, Kiingereza kwanza, kisha akamfasiria mama mkwe wake aliyerudi na kusimama naye bega kwa bega. Kazi ni ya Abdijabar, akisema ndiyo.

"Andika," alisema Mama Maka. Halafu, polepole zaidi, "Ukitaka."

Ilhan alikaa na vidole juu ya herufi. Kisha aliandika, kwa niaba ya mumewe, kwamba anakubali, na akaongeza sentensi moja ya kuuliza kama mke anaruhusiwa kuja naye. Akaituma. Taa ilipepesa. Imekwenda.

"Mashaallah," Sajini alisema. "Hata mimi nisingefikiria kuuliza."

Akanigeukia. Aliniwekea mkono begani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Na huyu msaidizi wangu msinisahaulie. Palsi ni yeye aliyeitoa. Kazi kama hii, Mustaf, fundi wa kawaida angeikimbia. Wewe uliionaje?"

Ewe msomaji, kijana asifiwe na Sajini Ugas mbele ya wanawake wawili, afanye nini? Nilipanua kifua. Nilisahau ukuta, nilisahau kwamba tangu tulipotoka chumbani kwa Ayeeyo nilikuwa nimeuweka ulimi wangu chini ya ulinzi.

"Hii?" nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka soko la mbuzi. "Maji ya kunywa!"

Chumba cha pili shanga zilianguka.

"Ndilo neno lenyewe!" Ayeeyo alipaza sauti kwa furaha ya mtu aliyepata sindano yake. "Injinia! Umerudi? Mbona hukunisalimia na ndala zako? Chai yako ya Jumapili uliiacha nusu!"

Nilimtazama Sajini. Hakuwa amegeuka. Alikuwa akiifunika kompyuta kile kitambaa cha maua, akikinyoosha pembe kwa pembe.

"Mama Maka," alisema, "lile basi la Habaswein, mtu akaliambie lingoje kidogo. Huenda bado lina abiria."